Mama Kitana na Watoto wa Banda la Kivuli

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni msusi. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Kitana, kwa sababu hata akienda sokoni au msibani utakuta kile kitana chake cha mkia kimechomekwa nyuma ya kichwa, amekisahau. Mimi na yeye tunataniana tangu siku kaka alipomleta nyumbani kumtambulisha. Mimi humwambia ana mdomo kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Yeye hunijibu kwamba afadhali redio kuliko kabati, na kabati ni mimi.

Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na mashine mbili za kukaushia nywele, moja ikifanya kazi nyingine inapumzika. Ukikaa kiti cha dirishani unautazama uzio wa bustani ya mimea ya jiji. Ni kuvuka barabara tu. Hata hivyo, kwa miaka yote aliyosuka nywele za watu pale, wifi hakuwahi kukanyaga ndani, wala hakuwa peke yake. Mtaa wetu mzima uliichukulia ile bustani kama sebule ya mtu mwingine: unajua ipo, unaona taa na mapazia, lakini huna sababu ya kupiga hodi. Geti kubwa lilikuwa upande wa pili, upande wa maofisi. Upande wetu kulikuwa na mlango mdogo wa chuma uliofungwa kwa mnyororo wenye kutu, na kazi yake ilikuwa kuegemezewa baiskeli. Tulichojua ni kwamba ndani mna miti yenye vibati vya majina marefu yasiyotamkika, na kwamba maharusi huenda huko kupiga picha.

Basi ni harusi ndiyo iliyomwingiza.

Bibi harusi mmoja aliyesukwa na wifi asubuhi hiyo alikwenda bustanini kupiga picha, upepo ukavuma, na msuko wa upande mmoja ukaachia. Shoga yake akaja mbio mpaka kwenye uzio, viatu mkononi, akaita saluni. Wifi akakusanya pini, kitana na chupa yake ya kunyunyizia maji, akazunguka mpaka geti kubwa akiwa na aproni na ndala. Walimkalisha bibi harusi kwenye banda la kivuli, yaani lile banda refu lililofunikwa neti, ambamo hufugwa mimea isiyopenda jua kali. Wifi akafanya kazi yake chapuchapu, lakini sehemu moja juu ya sikio ikabaki wazi, haifichiki. Akatazama kushoto na kulia. Pembeni yake palikuwa na mmea wenye majani membamba laini kama nywele za mtoto, na vikonyo vyeusi vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Akachuma kijijani kimoja.

Kabla hajakichomeka, akasikia sauti nyuma yake.

"Usiguse."

Aliyesema alikuwa msimamizi wa banda lile, mwanamume mrefu mkavu, kofia imemkaa kichwani kama kifuniko cha sufuria. Baadaye tulijua kwamba wafanyakazi wenzake walimwita Bwana Usiguse, maana neno hilo lilikuwa salamu yake ya asubuhi na kwaheri yake ya jioni.

"Nimeshagusa, kaka yangu," wifi akasema. "Sasa nifanyeje, nikirudishe?"

Bwana Usiguse alivimba kama anayetaka kupasuka. Akamtazama bibi harusi, ambaye macho yalikuwa yameanza kulengalenga na wanja ulikuwa hatarini. Mwisho akapumua, akamwambia wifi akichomeke tu, kwa kuwa kirudi kisirudi kimekwisha kufa. Ila alimweleza alichokifanya. Jani la mmea ule, alisema, huzaliwa limejikunja kama ngumi ya kichanga, na hujikunjua polepole mno. Na katika chungu kizima wifi alikuwa amechagua hilohilo, lile changa kuliko yote.

Wifi ni mtu wa maneno mengi, lakini hayo yalimkaa. Jioni alitusimulia akiosha vyombo, na aliposema "ngumi ya kichanga" alikunja kiganja chake chenye povu akakitazama. Kaka, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na hana desturi ya kuzungumza akila, alimwambia majani yapo mengi duniani. Wifi aliendelea kusugua sahani ileile iliyokwisha kung'aa.

Jumatatu saluni hufungwa. Jumatatu iliyofuata alivaa gauni lake zuri, akaweka kwenye mfuko chupa kadhaa za kunyunyizia maji, zile anazolowanishia nywele, akaenda kuomba radhi. Alikuwa ameona siku ile kwamba chupa ya Bwana Usiguse imefungwa mdomo kwa utambi wa kitambaa na inavuja mpaka kwenye kiwiko. Bwana Usiguse alizipokea kwa uso uleule wa mbao. Akajaribu moja. Maji yakatoka kama ukungu, laini, yakatua juu ya majani bila kuyainamisha. Akajaribu ya pili. Kisha akamsogezea wifi kigoda.

Hivyo ndivyo walivyozoeana. Kila Jumatatu wifi alikuwa kule, akinyunyizia, akifuta vyungu, akiuliza maswali. Majina ya kisayansi hayakumwingia kichwani hata chembe, na hakujisumbua. Aliipa mimea majina ya misuko. Ule uliorusha majani yake yote nyuma kwa mistari aliuita Twende Kilioni. Ule wenye vishada vya duara duara juu ya kichwa aliuita Mabutu. Kulikuwa na mmoja wa kuning'inia, majani yamechanguka ovyo, huo aliuita Nimechelewa Kazini. Bwana Usiguse alinuna kwa muda mrefu kuhusu jambo hilo. Halafu siku moja wifi alimsikia akimwambia kibarua amwagilie Mabutu kwanza, na aliposhtuka kwamba amesikika, akakohoa.

Sisi nyumbani tulikuwa wanne. Tunaishi ghorofa ya tatu: kaka, wifi, mimi ninayeuza dawa kwenye duka la dawa, na mama yetu mzazi. Watoto wa kaka wameshajitegemea. Mama tulimchukua baba alipofariki. Alikuwa na nyumba yenye uwanja nyuma, amezoea kuamka na jembe mkononi, lakini miguu ilianza kumsumbua na kule hapakuwa na wa kumwangalia. Tulidhani tumemfanyia jambo jema, na kwa miguu yake lilikuwa jema. Lakini dirisha la chumba chake linatazamana na ukuta wa jengo la jirani, na mama alikaa kitandani akiutazama ukuta ule siku nzima kama anayesubiri useme neno. Hakuwa mgonjwa wala hakugombana na mtu. Ukimuuliza kitu anakwambia "sawa, mwanangu," basi. Wifi, ambaye angeweza kuliongelesha jiwe, alijaribu kila njia, akaambulia hiyo "sawa, mwanangu" kama sisi wengine. Nilimsikia mara moja akimwambia kaka jikoni kwamba anahisi mama mkwe hampendi. Kaka akasema mama hampendi yeyote siku hizi, asijipe umuhimu. Aliongea kwa utani, lakini sauti haikucheka.

Mwaka uliofuata mvua hazikuja. Tulingoja, tukasema zimechelewa, kisha tukaacha kusema. Mgao wa maji ukaanza. Bomba likawa linatoa hewa, linakohoa, linatema kidogo, linakata. Bustanini kidimbwi kilishuka mpaka matope ya chini yakaonekana yamepasuka kama kisigino. Amri ikatoka kwamba maji kidogo yaliyopo yaende kwenye miti mikubwa ya zamani, maana mti wa umri ule ukifa haurudi. Banda la kivuli likabaki na pipa moja.

Jumatatu moja wifi alimkuta Bwana Usiguse amesimama katikati ya banda na keni ya kumwagilia mkononi, hatembei. Alimuuliza kulikoni. Alimjibu kwamba anachagua. Maji yaliyobaki hayamtoshi kila mmoja, kwa hiyo leo inabidi aamue nani anywe na nani angoje, na kesho vilevile. Wifi anasema hajawahi kumwona mtu mzima amekaukiwa namna ile. Pembeni palikuwa na dumu alilolileta mwenyewe kutoka nyumbani kwake, kwenye baiskeli.

Wifi akarudi nyumbani. Usiku wakati wa kula akauliza, bila kumtazama yeyote, maji ya kuoshea mchele na mboga huwa tunayapeleka wapi. Nikamwambia yanakwenda kwenye sinki, kama ya watu wote. Akasema, "Ndiyo, kama ya watu wote," akaendelea kutafuna.

Kesho yake alimwendea Bwana Usiguse na wazo lake: mimea igawanywe majumbani, kila nyumba mmoja au miwili, inyweshwe maji ya mchele mpaka mvua zirudi. Alikataa katakata. Alimwambia kwamba ile mimea si paka, useme unamwachia jirani unasafiri. Kila chungu kina namba na historia yake. Wengine wametoka kwenye misitu ambayo haipo tena. Atawapa watu wanaoukaanga mmea kwa jua wakidhani wanaufurahisha?

Wifi hakubishana naye. Alikwenda kwa mkubwa wake. Mkurugenzi wa bustani alikuwa mama mpole mwenye nywele nyingi zilizomshinda, na wifi alikuwa amezitamani nywele zile tangu siku ya kwanza alipoziona. Akamwalika saluni. Ukishapakwa dawa kichwani, ukavishwa rola na kuingizwa chini ya mashine, huendi popote, kwa hiyo pale mkurugenzi akawekwa kiti moto kwa maana zote mbili. Alipotoka alikuwa amependeza na amekubali, kwa sharti moja: kila aina ibaki na angalau chungu kimoja bustanini, na zile ambazo zimebaki na mmoja tu duniani au karibu na hapo zisitoke. Wifi alilifupisha sharti hilo kwa lugha yake. Mwenye ndugu aende, wa pekee abaki.

Jumatatu ya kugawa, ule mnyororo wa mlango mdogo ulikatwa. Kaka ndiye aliyeukata, na mashine yake, cheche zikiruka, watu wamejipanga barabarani kama wanaosubiri unga. Sikutegemea watu wengi vile. Wifi alikuwa amewasuka kichwa kwa kichwa wiki nzima huku akiwahubiria. Alikuwapo mwuza nyama wa pembeni, fundi viatu, wanawake wa saluni, walimu, hata mlinzi wa benki aliyekuja na sare. Bwana Usiguse alisimama mlangoni shingo upande. Yeye alimuuliza kila mtu swali moja: dirisha lako linatazama wapi? Watu wakashikwa. Mwuza nyama ameishi chumba kilekile tangu aoe, na hakujua jua linaingilia wapi. Ikabidi arudi nyumbani akaangalie, aje tena. Akiwa amekwishajibiwa, Bwana Usiguse alimkabidhi mtu chungu chake kwa mikono miwili na kumwambia maneno yaleyale: maji ya mchele au ya mboga, yasiwe na sabuni wala chumvi, kidole ndani ya udongo kwanza, ukikauka ndipo umwagie.

Mtaa ulibadilika kwa namna ambayo sikuitazamia. Wewe nenda dukani, unasikia watu wanaulizana hali za majani. Watu wakaanza kusema "mtoto wangu" bila kucheka. Mwuza nyama na fundi viatu walikuwa hawasemeshani kwa muda mrefu kwa sababu ya mfereji wa maji machafu uliopita kati ya milango yao. Kila mmoja alidai ni wa mwenzake kuusafisha. Sasa mmea wa mwuza nyama ukaanza kuwa manjano, na ndugu yake hasa, waliotoka chungu kimoja, yuko kwa fundi viatu anastawi. Mwuza nyama alizunguka na hilo jambo kwa siku kadhaa. Kisha akapiga moyo konde, akasimama mlangoni kwa jirani yake na chungu kifuani, akauliza, "Wako unamfanyaje?" Fundi viatu akaweka nyundo chini, akauchunguza, akamwambia unakaa karibu mno na friji, upepo wa friji unamkausha. Tangu siku hiyo wanasalimiana. Mfereji nadhani bado haujapata mwenyewe, lakini unasafishwa.

Kaka naye alitengeneza vigoda vya chuma vya kuwekea vyungu, kila mtu kwa kimo cha dirisha lake. Hakusema neno juu ya mimea hata mara moja. Ila vigoda vile alivipaka rangi.

Kwetu wifi alileta mmoja, Mabutu, akauweka kwenye dirisha la mama. Mama akauliza kwa nini magugu yanaingizwa chumbani. Ni maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima, nikahesabu hiyo kuwa nafuu. Wifi alimweleza kwa adabu kwamba mtoto ni wa watu, anakaa kwa muda tu, na kwamba kwa kuwa ukuta wa jirani unazuia jua, chumba cha mama ndicho kivuli kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba. Mama akasema, "Sawa, mwanangu."

Asubuhi moja kabla ya kwenda kazini nilisikia mama anazungumza. Nikadhani amepigiwa simu na shangazi. Nilipochungulia hakuwa na simu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kidole ndani ya udongo, akimwambia Mabutu kwamba jana amekunywa vya kutosha, asijifanye. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole na kumvuta wifi kutoka bafuni, mswaki mdomoni. Tulisimama koridoni kama wezi, tumeshikana mikono, tukisikiliza.

Baada ya hapo mama alianza kutoka chumbani. Alikuja jikoni kusimamia maji ya mchele, maana hakutuamini, alidhani tutatia chumvi. Na kwa kuwa alikuwa jikoni akaanza kuchagua mchele, na kwa kuwa anachagua mchele akaanza kusema. Jioni moja alimuuliza wifi yule mtoto anaitwa nani. Wifi akamwambia kwa hofu kidogo kwamba jina la kitabuni halijui, yeye humwita Mabutu kwa sababu ya kile kichwa. Mama akageuka kuutazama ule mmea. Mabega yakaanza kumtikisika. Tulidhani analia, kumbe ni kicheko, kile cha zamani cha kufunga mdomo kwa kanga, ambacho hatujakisikia tangu tumzike baba. Akamwambia wifi kwamba yeye mwenyewe alisukwa hivyo siku alipopelekwa shule mara ya kwanza, na alichekwa darasa zima. Wakakaa pale wakihadithiana mpaka chakula kikaungua. Nilikula kilichoungua nikakiona kitamu.

Wifi mwenyewe ndiye aliyepata mkosi. Wake alikuwa ameuweka saluni, kwenye rafu ya kioo, kusudi wateja wauone. Ulikuwa ndugu wa ule aliouchuma siku ya bibi harusi, wenye vikonyo vyeusi. Sijui ni joto la mashine au ni dawa za kupulizia nywele, lakini majani yalianza kujikunja ncha, yakawa kama karatasi, yakaanguka. Wifi alihamisha chungu, akakifunika, akakinyunyizia kila saa, na alipoona vikonyo vimebaki vitupu kama njiti, alikificha nyuma ya pazia. Jumatatu hiyo hakwenda bustanini. Alisema kichwa kinamuuma. Yeye aliyewapa mtaa mzima mahubiri, wake ndio umekufa. Angemtazama Bwana Usiguse kwa macho gani?

Mama ndiye aliyemtoa chumbani. Alibisha, akaingia, akakaa naye kitandani. Nilikuwa mlangoni.

"Mwanangu, nimezika watoto wawili kabla ya mumeo kuzaliwa," mama alisema. "Hakuna aliyeniambia sijui kulea. Amka unawe uso. Nenda ukamwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu."

Hilo la watoto wawili hata mimi sikuwa nikilijua. Wifi alinawa uso, akachukua chungu chake chenye njiti, akavuka barabara.

Alituambia baadaye ilivyokuwa. Bwana Usiguse alikipokea chungu, akakigeuza geuza, akauliza umekaa wapi. Wifi akaeleza yote, rafu, joto, dawa za nywele, hakupunguza wala hakuongeza, machozi yakimtiririka. Bwana Usiguse akamchukua mpaka nyuma ya banda. Kulikuwa na vyungu vitupu vimepangwa ukutani, vingi, vingine vya zamani mno vimeota ukungu. Akamwambia hivi vyote ni vyake, vya wale aliowaua yeye, kwa maji mengi, kwa maji machache, kwa kujidai anajua. Akaweka cha wifi mwishoni mwa mstari, taratibu. Kisha akamwambia ashike keni, kazi zimelala.

Mvua zilirudi mchana mmoja wa Alhamisi, bila kishindo, matone mazito machache juu ya mabati, kisha yote kwa pamoja. Watu walitoka maofisini kusimama nje. Wifi alikuwa na mteja aliyefumuliwa nusu kichwa, wakatoka wote wawili.

Ilichukua muda kidimbwi kujaa, na siku ya kuirudisha mimea ilipopangwa nilitegemea watu waje watue vyungu waondoke. Hawakuondoka. Kila mtu alitaka kuona wake anawekwa wapi. Wengine walikuwa wamewafunga utepe. Mlinzi wa benki alikiri mbele ya watu kwamba yeye hajaja kurudisha, amekuja kuomba aongezewe muda, akapewa.

Mama alishuka ngazi zote za ghorofa tatu kwa miguu yake ile mibovu, mkono mmoja begani kwa kaka, mwingine umemkumbatia Mabutu. Kaka alitaka kumbebea chungu, akakaripiwa. Mlangoni alikataa kukikabidhi kwa yeyote ila yule msimamizi ambaye habari zake alikuwa akizisikia kwa wifi. Bwana Usiguse akaitwa. Walitazamana, yule mrefu mkavu na mama yangu anayemfikia kifuani. Mama akamweleza Mabutu anavyopenda, asubuhi kidogo, jioni asiguswe na maji, na akasimama kumwangalia anavyomweka. Mahali pa kwanza hakuparidhia. Bwana Usiguse akamsogeza kidogo, akamsogeza tena, mpaka mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha mama akaanza kutembea katikati ya meza, polepole, akipitisha vidole juu ya kila jani analopita, huyu, na huyu, na huyu. Tulimwona Bwana Usiguse akifumbua mdomo. Akaufumba. Akavua kofia yake, akamfuata nyuma, akimtajia kila mmoja ametoka wapi.

Ule mlango mdogo haukufungwa tena kwa mnyororo. Mkurugenzi alisema utakuwa wazi Jumatatu, baadaye ukawa wazi siku zote. Ndani yake pana mabenchi, kaka ameyachomelea, na mchana utakuta watu wa mtaa wetu wamekaa na vyakula vyao, fundi viatu akiwaeleza wageni habari za mimea kwa kutia chumvi nyingi. Mama alikwenda kila Jumatatu na wifi, mkono kwa mkono, kwa karibu miaka mitatu, mpaka alipofariki usingizini, uso umetulia. Msibani alikuja mwanamume mrefu aliyevaa suti, tukakosa kumtambua mpaka alipokaa na kukunja mikono, na uso ule wa mbao, tukajua ni Bwana Usiguse. Alimwambia kaka kwamba mama yake alikuwa na kidole kizuri. Kaka, ambaye hakuwa amelia mpaka hapo, alilia hapo.

Bwana Usiguse amestaafu sasa, anaishi kwa binti yake, na hupiga simu saluni kuuliza hali za watu wake. Banda lina msimamizi mpya, msichana mcheshi aliyesomea kazi hiyo, na wifi anamsifu sana ingawa anadai hana mkono mwepesi wa keni. Kulea mimea majumbani kumebaki, si kwa ukame tena. Hupewa waliohamia mtaani karibuni, wagonjwa waliotoka hospitali, wazee waliobaki peke yao. Wazo hilo wifi hakulitangaza kwa mtu; alianza tu kulifanya, na mkurugenzi akamwachia.

Jumapili iliyopita nilikuwa namfumua wifi nywele sebuleni kwetu, tumefika nusu ya kichwa, mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamume wa ghorofa ya chini, wamehamia juzi tu. Aliomba radhi kwa usumbufu, akasema mkewe hamjui mtu yeyote hapa, hatoki, na wamesikia kuna mama anagawa mimea ya kulea. Wifi alijifunga kitambaa juu ya kichwa chake cha nusu, akavaa ndala, akamfuata. Alisema anarudi sasa hivi.

Nilisubiri mpaka chai ikapoa. Mwisho nikashuka kumfuata. Niliwakuta wameketi sakafuni, yeye na yule mwanamke, katikati ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, wakibishana kama mmea ukae jikoni au chumbani, na mwanamke alikuwa amemfungua wifi kile kitambaa, anaendelea kumfumua pale nilipoachia. Mumewe akanisogezea boksi nikae.